Kamba Ilale Kwanza

Kwetu Kindu tulimwita Fundi wa Lupango, na kwa kifupi Fundi. Lupango ni uzio, na ni kiwanja chenyewe kikishazungushiwa uzio. Sisi tunatumia neno hilo hilo kwa vyote viwili. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo waulize wanaopenda kuhesabu mababu za watu. Mimi nilikuwa jirani yake. Mlango wangu ulitazama ubavu wa nyumba yake tangu wakati wa Wabelgiji, mtaa wetu ulipokuwa bado unanuka udongo uliofyekwa jana, na ninayoyasema nimeyaona au nimeyasikia kwa mdomo wake. Nikuambie mapema, usije ukadhani nimekukalisha hapa ili tucheke: mtu huyu, miaka yote niliyomjua vizuri, alihangaikia jambo moja tu. Alitaka mkewe atoke kwenye kambi ya wakoma. Alikula akiliwaza hilo, na kila uzio aliowapimia watu mjini aliupima huku moyo wake uko ng'ambo ya mto.

Nianze na kazi yake, maana bila kazi hiyo huwezi kumwelewa. Mtu wa kawaida akitaka uzio anaita vijana, wanachimba mashimo, wanasimika miti, jioni wanakunywa. Fundi aliwaita hao wachimba panya. Yeye siku ya kwanza alikuja mikono mitupu. Alikaa kwenye kiwanja chako juu ya kinu kilichopinduliwa, kofia ya majani usoni, ukadhani amesinzia. Hakusinzia. Alikuwa anatazama nani anapita. Jua likikaza ndipo anapoinuka, analeta vigingi vyake, anavipigilia pembeni, anavuta kamba.

Vigingi vilikuwa vya mti mkavu, ncha zimeunguzwa kwenye moto. Kigingi kibichi hakukitaka kabisa. Alisema mvua moja tu kitaota majani, na ukija kukisogeza utakuta kimekwisha kushika ardhi bila ruhusa yako. Kamba yake ilikuwa ile ya wavuvi wa Lokandu, nyembamba na ngumu, na alikuwa na nyingine fupi yenye mafundo ya kupimia pembe. Akishamaliza kuvuta, anaomba majivu jikoni kwako. Anayamwaga chini ya kamba, mstari mwembamba kutoka kigingi hadi kigingi. Halafu anachukua kofia yake na kwenda nyumbani.

Hapo ndipo watu walipokuwa wanakasirika. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mtu wa tumbo, alimfuata mpaka barabarani.

"Fundi, mashimo lini?"

"Kamba ilale kwanza."

"Ilale? Kamba iko mutu?"

"Ilale, baba. Kesho asubui utaona."

Asubuhi mfanyabiashara aliona. Upande wa nyuma majivu yalikuwa yamekanyagwa yote, nyayo juu ya nyayo, wanawake na ndoo zao wameruka kamba alfajiri kwenda mtoni. Fundi aliinama, mkono gotini, akayasoma majivu yale polepole. "Unaona? Hapa iko njia ya watu wa maji. Ukifunga, watakutukana kila siku mpaka ukufe." Mfanyabiashara alinung'unika, akatema mate, mwisho akakubali kamba isogezwe. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Shimo likishachimbwa watu wanaona haya kusema, wananyamaza na kukuchukia. Kamba haimtishi mtu. Hata mtoto anaweza kuivuka.

Alikuwa na neno alilorudia mpaka tukalichoka. "Lupango njo mulango. Ile ingine ni miti tu." Njo kwetu ni ndio. Kwa hiyo alianza na mlango. Kabla hujamwambia kiwanja chako kinaishia wapi, alikuuliza utaingilia wapi. Alipokuja kwetu, mume wangu, ambaye alikuwa mtu wa reli na alipenda kusema mbele ya wageni, alianza kumweleza anataka nini. Fundi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akanigeukia mimi nikiwa na kisu na mihogo.

"Mama, weye unapitaka wapi na maji?"

Nikamwonyesha kwa kisu. Mlango wetu ukawekwa pale, na mume wangu akanuna siku mbili tatu. Uzio ule ulidumu kuliko ndoa nyingi za mtaani. Miti yake ilikuwa ile yenye moyo mwekundu, mizito, ambayo mchwa wanaipita bila salamu.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa mkali, na mkali wa mambo madogo. Ukigusa kamba yake kwa mguu alikutazama mpaka uombe radhi. Alikuwa Mkristo, lakini siku ya Idi kwetu alifika kabla ya ndugu zangu, amekaa, ananitania eti Kiswahili changu cha watoto wa waungwana kinahitaji kuoshwa kwa maji ya Lualaba kidogo. Alipenda mistari iliyonyooka, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa imelalia upande. Na kubwa kuliko yote, mtu aliyezungushia uzio viwanja vya nusu ya mtaa, cha kwake hakikuwa na uzio. Kilikuwa na vigingi na kamba. Miaka. Kigingi kikioza anaweka kingine, kamba ikikatika anafunga fundo. Mkuu wa mtaa alimkemea, watoto walifundishwa kuruka kamba hiyo tangu wanajifunza kutembea, mbuzi waliizoea. Wageni walimcheka. Sisi majirani tulijua sababu, kwa hiyo hatukucheka.

Sababu ilikuwa mlango. Yeye na mkewe hawakupatana mlango uwe upande gani. Fundi alitaka utazame barabara kubwa iliyonyooshwa na Wazungu. Mkewe alitaka utazame kwangu. Tulikuwa tunapeana moto, chumvi, maneno, kila kitu, na yule mama alikuwa na kicheko ambacho kilikuita utoke nje hata ukiwa na hasira. Alisema hataki kuzunguka barabarani na kikapu kichwani ili aje kuniazima kinu. Kwa hiyo kamba ikavutwa, ikalala, na ikaendelea kulala huku wao wawili wanagombana. Kila mtu mtaani alijua ugomvi huo. Ulikuwa ugomvi wa watu wanaopendana, wanauweka tu jioni ili wapate la kuanzia asubuhi.

Halafu wakaja watu wa afya. Tulipangwa mstari mtaa mzima, tukavuliwa nguo za juu, tukageuzwa huku na huku. Kwenye mgongo wa yule mama waliona mabaka. Walimchoma sindano pale, hakushtuka, na kutoshtuka kwake ndiko kulikomhukumu. Kesho yake tu alipandishwa kwenye mtumbwi. Fundi alimbebea mkeka na sufuria hadi ukingoni, na askari akamzuia asiingie majini. Mimi nilikuwepo. Yule mama aliketi, akapanga kanga yake magotini, akamwambia mumewe kana kwamba anakwenda sokoni, "Nikirudi tutamaliza ile mambo ya mulango."

"Tutamaliza," akasema Fundi.

Maana wapo waliorudi. Hilo ndilo lililokuwa linamuua. Ilisemekana mabaka yakitulia, bwana ajenti wa afya akiridhika, mtu anaweza kurudi kwake. Tuliona mmoja amerudi, na mwingine. Kwa hiyo Fundi hakuweza kulia kama mfiwa na hakuweza kukaa kama mtu mwenye mke. Alining'inia katikati. Nilimwonea huruma mpaka wakati mwingine nikamkasirikia kwa kunitia huzuni kila ninapofungua mlango.

Kisha wakamwita apime uzio wa kambi.

Kambi ilikuwa ng'ambo, upande wa Alunguli, nyuma ya mashamba ya mihogo. Mwanzoni haikuwa na uzio. Wagonjwa walikatazwa kutoka, na walitoka. Walichota maji kijitoni, walikaa kando ya njia wawaone watu wao wakipita. Ajenti, kijana Mzungu mwenye haraka, akasema basi, ipigwe miti. Mtu wa kupima mstari alijulikana mjini mzima. Sijui kama ajenti alijua kwamba mke wa fundi huyo yuko ndani. Nadhani alijua, na hakuona kama ni jambo.

Fundi alikuja kwangu, akasimama nje, hakuketi.

"Mama, wananiomba nimufunge bibi yangu."

"Kataa, Baba Fundi."

"Nikikataa wataita mwingine. Na mimi ntaingia kwa njia gani?"

Mgeni wa kawaida alikuwa hapiti pale. Mtu wa kazi alipita. Akavuka mto na vigingi vyake.

Yaliyotokea huko alinisimulia baadaye, amekaa kizingitini kwangu, anachora mchanga kwa kijiti. Alivuta kamba kuizunguka kambi, akamwaga majivu, akaiacha ilale kama anavyofanya popote. Asubuhi akayasoma. Upande wa kijito majivu yalikuwa yamevurugika kabisa. Nyayo zilikuwa nyingi, nyingine hazina vidole, nyingine zimeburuzwa, zote zimevuka kwenda majini na kurudi. Na mahali pamoja, mbali kidogo na hizo, palikuwa na nyayo za mtu mmoja. Zimekuja mpaka kwenye kamba. Zimesimama, mbili pamoja, zimezama kama za mtu aliyekaa pale muda mrefu. Kisha zimegeuka zikarudi ndani.

Aliujua ule mguu. Kidole kidogo cha kulia kilikuwa kimepinda tangu ujana wake.

"Alijua kamba iko yangu," aliniambia. "Njo maana hakuivuka."

Kijiti kikamvunjikia mkononi. Nikaenda kumletea maji ya kunywa.

Alimwomba ajenti mlango mdogo upande wa kijito. Alimweleza ya nyayo. Ajenti akasema mlango ni mmoja, upande wa nyumba ya muuguzi, na maji yataletwa kwa mapipa. Fundi alikuwa amekwisha kusogeza vigingi viwili kidogo kuacha nafasi. Ajenti aliving'oa kwa mikono yake, akampa, akasema mstari unyooke. Fundi akaunyoosha. Hapo sauti yake ilibadilika anaponisimulia, maana alisema katika maisha yake hajawahi kuvuta mstari ulionyooka vile, na nikaona kwamba sehemu moja ya moyo wake ilijivunia, na sehemu nyingine ilitaka kumtapika mtu huyo anayejivunia. Vijana wakachimba. Miti ikasimama. Mkewe akabaki ndani.

Baada ya hapo jina lake likaanza kuchafuka mjini. Uzio wa kambi ulianguka. Haukumaliza hata misimu miwili ya mvua, nguzo zikaanza kulala moja moja, huku zile alizosimika zamani kwa watu zimesimama wima. Akaitwa kutengeneza, akatengeneza, zikaanguka nyingine. Ajenti alimgombeza mbele ya watu gatini, akamwita mzee asiyeona. Sokoni walisema Fundi amekwisha, amelewa huzuni, mkono umemtoka. Wale wachimba panya aliowatukana miaka yote walimrudishia. Mtu alimwambia usoni, "Fundi, mimi mtoto wangu anajenga kuliko weye." Yeye, mtu mkali yule, alichukua mtaimbo wake, akashuka kwenye mtumbwi.

Na mimi nilimsema. Nilimwambia aibu anayoitafuta ni ya nini, mbona uzio wangu umesimama? Yeye akaniomba majivu.

Siku moja nilivuka naye. Nilikuwa nimempikia mwenzangu sombe, yale majani ya mihogo, na samaki wa kukausha, na muuguzi wa pale, mtu wa Kibombo mwenye roho nzuri, alikubali chakula kipite. Mimi nilizuiliwa njiani, nje ya uzio. Fundi aliingia ndani kwa kazi yake. Nikakaa chini karibu na rundo la miti mipya aliyoileta, nikashika mmoja kwa kukosa la kufanya. Ukucha wangu ukazama. Ulikuwa mti ule mweupe, mwepesi, unaoota upesi kwenye mashamba yaliyoachwa, ambao hata kwa kuni hatuutaki. Nikauinua kwa mkono mmoja. Mchwa wanaupenda huo kuliko sisi tunavyopenda samaki.

Alipotoka kuchukua nguzo nyingine nikamwonyesha.

"Baba Fundi, hii iko mti gani?"

"Funga kinywa, mama."

"Huu si mti wa lupango. Hata mwaka haumalizi."

"Najua," akasema. "Mwaka mzima ni mingi."

Akachukua ule mti mkononi mwangu na akaingia nao ndani. Mtu yule alikuwa ameuza jina lake, kitu pekee alichokuwa nacho mjini, ili uzio uanguke aitwe kuusimamisha. Kila nguzo iliyooza ilikuwa ruhusa ya kupita. Na kule kwenye shimo, nilimwona kwa macho yangu, aliizungushia nguzo majani mabichi na udongo wa maji kabla ya kushindilia, ili ioze upesi zaidi.

Na mkewe alikuwa amekaa ndani, hatua chache kutoka shimoni, mguu umefungwa kitambaa, anakula sombe yangu. Walikuwa wanagombana. Nilisikia kila neno.

"Unataka nitokee kwenye barabara kubwa, kila askari anione na kikapu changu?"

"Lupango ya watu ya heshima inafungukaka kwa barabara."

"Heshima ya kuongea na nani? Mulango uende kwa jirani."

"Hapana."

"Kichwa ngumu."

"Weye njo kichwa ngumu."

Yule mama akacheka, kicheko kile kile, akaniona nje ya miti, akanipungia. Vidole vilikuwa vimeanza kumwisha. Nilimpungia nikicheka, kisha nikageuka kando kufuta macho asione machozi.

Tukirudi kwenye mtumbwi nilimuuliza Fundi kwa nini asimkubalie, jambo la mlango tu. Na yeye mwenyewe ndiye anayefundisha watu wote kwamba mlango unawekwa mahali miguu inakopita. Miguu ya mkewe ilipita wapi kama si kwangu?

"Nikimukubalia tutasema nini?" akasema. "Mwezi ujao nitaingia na nini mdomoni? Atoke kwanza. Akitoka atakuja kuona mwenyewe, nitamwambia ndiyo, tutachimba."

Ndivyo walivyoishi. Sijui niite nini maisha hayo. Yeye analaumiwa mjini, mke anakwisha ndani, na katikati yao ugomvi mmoja wanaulinda usife. Mwezi anaoitwa aliamka anaimba. Mwezi asioitwa alikwenda ukingoni kutazama kama kuna mtumbwi wa ujumbe.

Halafu mume wangu akaja na habari kutoka reli. Serikali imechoka na miti ya kambi. Reli kuukuu zilizong'olewa zitakatwa vipande, zitasimikwa badala ya nguzo, na waya wa miiba utavutwa juu yake. Alisema hivyo akiwa ananawa mikono, habari ya kazini tu.

Nilikwenda kumwambia Fundi mwenyewe, asisikie sokoni. Alikuwa anachonga kigingi. Aliendelea kuchonga mpaka kikaisha kikawa kijiti.

"Chuma," akasema. "Chuma hakiozi."

"Labda watakuita upime, Baba Fundi."

Hawakumwita. Hapakuwa na cha kupima. Mstari wake ulikuwepo, umenyooka, mashimo yake yapo. Waliingiza reli mle mle alimokuwa amechimba. Siku reli zilipovushwa alikwenda kusimama ukingoni, akatazama jahazi la chuma likizipeleka ng'ambo. Watu walidhani anatazama kwa wivu wa kazi.

Tangu hapo akawa mgeni kama wageni wengine. Siku ya kutembelea, jamaa walisimama nyuma ya mstari wa chokaa, mbali na waya, na wagonjwa wakasimama upande wao, na wote wakapiga kelele kwa pamoja. Huyu anauliza habari ya shamba, yule anatangaza msiba, mwingine anaita jina tu. Ugomvi wa mlango haugombwi namna hiyo. Alijaribu. Nilimwona akijaribu, sauti inamkauka, mkewe anaonyesha sikio kwamba hasikii.

Mara ya mwisho nilikuwa naye. Yule mama alikuwa ameletwa mpaka karibu na waya amebebwa, akawekwa chini. Alikuwa amekonda sana. Macho yake yalitafuta upande wetu na hayakutua. Fundi alimtazama, na nadhani pale ndipo alipojua kwamba hatatoka. Akakanyaga chokaa. Askari akamsukuma nyuma kwa fimbo. Basi akapaza sauti kuliko watu wote pale.

"Nimekubali! Mulango upande wako! Upande wa jirani!"

Watu wengine walikuwa wanaita. Yule mama aliinua mkono, uliobaki kiganja na kidogo zaidi. Labda alikuwa anajibu. Labda alikuwa anasalimu tu, kwa kuwa alijua tupo. Kengele ikapigwa, wakambeba.

Kwenye mtumbwi, tulipofika katikati ya mto, akaniuliza.

"Amesikia?"

"Sijui, Baba Fundi."

Ningeweza kumwambia ndiyo, lakini sikuwa na uhakika, na yeye si mtu wa kupewa mstari wa kubahatisha. Alifunika uso kwa kofia, na mabega yake yakawa yanatikisika mpaka tulipofika ukingoni kwetu.

Yule mama alikufa mvua zilipoanza. Muuguzi wa Kibombo alileta habari mwenyewe, akiwa ameloa. Walikuwa wamekwisha kumzika, ndani ya waya, kwa sababu ya sheria zao. Fundi hakuruhusiwa kuona kaburi. Alimsikiliza muuguzi mpaka mwisho, akamshukuru, akampa kiti. Kisha akatoka nje kwenye mvua, akaanza kung'oa vigingi vyake vyote, kimoja kimoja, akaivingirisha kamba, akaviweka chini ya kitanda. Kiwanja kikabaki wazi, bila hata alama. Kazi za watu akazikataa. Aliyemfuata kumwomba apimiwe aliambiwa awaite wachimba panya.

Mimi nilianza kumpelekea uji asubuhi, maana aliacha kupika. Sikupanga; siku ya kwanza nilipeleka, ya pili nikapeleka. Aliunywa au aliuacha. Mara nyingi aliniuliza lile lile, mkewe alisikia au hakusikia, na mara zote nilimwambia sijui. Ilikuwa inaniumiza kumwambia hivyo na sikuwa na lingine.

Miaka ilipita. Ilikuwa tayari ile ya mwisho mwisho ya Wabelgiji, vijana wanazungumza siasa sokoni bila kugeuka nyuma, nilipofungua mlango jioni moja nikaona kamba. Aliivuta upande mmoja tu, ule unaonitazama mimi. Vigingi vilikuwa vya zamani. Alikuwa amekwisha kumwaga majivu, amechafuka mpaka kwenye nyusi, ameshika kiuno.

"Fundi, umepata nguvu leo?" nikamtania.

"Kamba inalala," akasema, akaingia ndani.

Alfajiri nilibeba kibuyu cha uji kama siku zote, nikavuka. Miguu yangu iliizoea njia hiyo, sikuikumbuka kamba mpaka niliposikia imenigusa kwenye mguu. Niliiruka, nikampa uji. Alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, kofia mkononi, ananingoja. Akaweka uji chini. Akaenda kwenye majivu, akainama kwa taabu, mkono gotini.

"Nani amepita hapa?"

"Baba Fundi, si umeniona? Ni mimi."

"Peke yako?"

"Nani mwingine anakuja kwako asubuhi hii?"

Alitazama nyayo zangu. Alizitazama kwa muda kama alivyokuwa anatazama zamani, kama kwamba pale pameandikwa jambo refu.

"Basi hapa njo fasi ya mulango," akasema. "Bibi yangu alisemaka."

Akaweka kigingi kushoto kwa wayo wangu, na kingine kulia. Akachukua mtaimbo. Nilitaka kumwita mtu amsaidie, akanikataza. Alichimba mashimo mawili siku nzima, akipumzika, na kutoka nyuma ya nyumba akaburuta nguzo mbili za moyo mwekundu, nzito, ambazo sijui alizikata lini wala kwa nguvu gani. Alizisimika zikanyooka. Kisha akaivingirisha kamba.

"Na nguzo zingine?" nikamuuliza.

"Ile ingine ni miti tu."

Hakuchimba shimo jingine. Mpaka anakufa kiwanja chake kilikuwa nguzo mbili, zinatazama kwangu, na pande zote wazi, mbuzi wanapita wanapotaka. Kila asubuhi nilipopeleka uji nilipita katikati ya nguzo zile. Na kabla sijafika mlangoni pa nyumba yeye aliuliza kutoka kitandani kama nimepita mulangoni, nami nilimwambia ndiyo, nimepita mulangoni.